Ukurasa Nilioandika kwa Kifaransa

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani: nilikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kuangalia viatu vya mtu kanisani kisha unasahau ukifika nyumbani. Wivu wangu ulilala nami, ukaamka nami, ukanywa chai nami. Na aliyeuleta alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika kalamu.

Naitwa Florentine. Nafundisha darasa la sita hapa Uvira, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtafsiri wa kanisa letu dogo la mabati, mtaani Nyamianda. Akija mgeni anayehubiri kwa Kifaransa, mimi ndiye niliyesimama kando yake na kuyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Watu wanadhani ni kazi rahisi. Hebu wajaribu. Mhubiri akipaza sauti, nawe upaze. Akinong'ona, nawe unong'one. Na usimpite wala usichelewe. Nilijivunia jambo moja: sikuwahi kuacha neno wala kuongeza neno. Kuna mhubiri aliwahi kusema kwa Kifaransa kwamba mke wake ni mvivu, na mke mwenyewe, asiyejua Kifaransa, amekaa benchi la mbele. Nilitafsiri vilevile alivyosema. Mtafsiri hachagui.

Msichana niliyemwonea wivu ni Amandine, jirani yetu. Mama yake alikufa angali mdogo, na mama mkwe wangu, Mama Victoire, akamlea nusu. Nasema nusu kwa sababu alilala kwao lakini alikula kwetu. Nyumba yetu ina watu watatu, mimi, mume wangu Bienvenu na mama yake, lakini sahani zilikuwa nne. Kila jioni sufuria ikiepuliwa, Mama Victoire alitenga kwanza bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, vya mtu mmoja, akafunika, akaweka kando ya mafiga. "Hii ya mutoto," anasema. Mtoto! Msichana ananizidi urefu.

Mimi sikuwa na mtoto. Miaka tisa ya ndoa, hakuna. Mama Victoire hakuwahi kunisema hata siku moja juu ya hilo, na hata hapo nilikasirika, maana kunyamaza kwake nilikuhesabu kuwa matusi.

Sasa, mwezi wa saba Pasta Basile, mchungaji wetu, alimwalika Mtumishi Octave. Huyu alikuwa nabii, sifa zake zilizunguka kwenye simu za watu. Alikuwa na sauti nzuri na Kifaransa kilichonyooka, Kiswahili hata cha kuombea maji hakuwa nacho. Mikutano ilianza saa tisa alasiri, wiki mbili mfululizo. Siku mbili za kwanza nilitafsiri mimi. Alihubiri vizuri, sikatai, lakini unabii uliosubiriwa haukutoka.

Siku ya tatu, katikati ya mahubiri, alininyooshea kidole. Akasema kwa Kifaransa kwamba kuna ukuta kati yake na watu. Kwamba Roho anafika kwa mtafsiri na kusimama hapo. Na mnajua nilifanya nini? Nilitafsiri. Neno kwa neno, mbele ya kanisa zima, niliwaambia watu kwa kinywa changu kwamba ukuta ni mimi. Kisha akamwonyesha Amandine kwenye kwaya, akasema anamtaka yule. Nikatafsiri na hilo. Nikampa mikro, yaani kipaza sauti, nikaenda kukaa benchi la tatu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Amandine. Nilibeba daftari la maombi. Lazima niwaeleze daftari hilo, kwa sababu ndilo lililofanya mambo yote. Kila Jumatano wamama wa kanisa walikutana kuombeana, kila mmoja akisema mzigo wake, nami nikauandika. Niliandika kwa Kifaransa makusudi. Wengi wao wanasoma Kiswahili tu, na sikutaka mmoja achungulie mzigo wa mwenzake. Humo mlikuwa na kila kitu: waliozikwa, mimba zilizotoka, waume wenye nyumba mbili. Daftari hilo halikupaswa kutoka mkononi mwangu.

Nikamkuta Amandine anachambua maharage. Nikalitupa daftari juu ya mkeka wake.

"Chukua na hii! Si unataka kuwa minye? Basi kuwa minye yote."

"Madamu, minye sikuomba kitu," akasema. Tangu shule ananiita Madamu.

"Ni vile. Weye hauombake. Unapewaka tu."

Nikaondoka nikijiona nimemkomesha. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yale nikiyafurahia.

Siku mbili baadaye unabii ukafunguka. Mtumishi Octave alifunga macho, akainua mkono, akaanza kutaja mambo ya watu: mama ambaye mumewe ana nyumba nyingine ng'ambo ya mpaka, dada aliyetoa mimba akiwa shuleni. Watu walianguka, watu walilia. Siku iliyofuata wakaja wengine kwa pikipiki kutoka Mulongwe, benchi hazikutosha. "Ukuta umetoka!" walisema, na walipokuwa wakisema walinitazama mimi.

Nilikaa pale benchi la tatu nikiwa na kazi moja tu, kuhesabu makosa ya Amandine. Siku ya kwanza alikosea mara saba. Siku ya pili mara tano. Iliniuma kwamba yanapungua. Niliona pia viatu vipya, niliona wamama wanamtandikia kitambaa kwenye kiti kabla hajakaa, na niliona Mama Victoire, benchi la pili, anatikisa kichwa kwa kila neno lake kana kwamba ni yeye aliyemzaa. Miaka kumi na mmoja nimetafsiri mbele ya yule mama na sikumbuki alitikisa kichwa.

Kisha ikaja siku ya Mama Espoir. Mama Espoir anakaa Mulongwe, karibu kabisa na mto, na maji ya mafuriko yalimchukulia watoto. Mtumishi Octave alimsimamisha, akasema kwa Kifaransa, wazi kabisa, kwamba anaona makaburi matatu madogo yaliyochimbwa kwa sababu ya maji. Amandine akainua mikro.

"Anaona makaburi mawili madogo, kwa sababu ya maji."

"Mawili!" Mama Espoir akapiga magoti. "Ni kweli, Yesu wangu, ni mawili!"

Kanisa lililipuka kwa kelele. Mimi nilikuwa karibu kucheka kwa furaha. Amekosea! Tena amekosea hesabu! Ametafsiri tatu kuwa mbili, kosa ambalo mwanafunzi wangu wa darasa la sita angesimamishwa pembeni kwa ajili yake. Mkutano ulipokwisha sikungoja hata kusalimiana na watu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Pasta Basile, ambaye alikuwa uani kwake anagonga misumari kwenye benchi iliyovunjika kwa wingi wa watu.

"Pasta, ule mutoto anaharibu kazi ya Mungu," nikamwambia. "Mutumishi amesema makaburi matatu. Ye anasema mawili!"

Pasta Basile aliweka nyundo chini. Ni mtu wa polepole, hata kukasirika anakasirika polepole.

"Na Mama Espoir alizika batoto wangapi?"

"Wawili."

"Basi nani alikosea?"

Mtafsiri anatoa maneno mdomoni mwa mhubiri, hana mahali pengine pa kuyatoa. Kama mhubiri alisema tatu, Amandine alitoa wapi mbili? Na kama Roho wa Mungu ndiye aliyemwonyesha yule mtu makaburi, Roho wa Mungu hajui kuhesabu mpaka tatu? Ndipo nikaliona akilini daftari, mwandiko wangu mwenyewe, katikati ya ukurasa: watoto wawili, mafuriko. Wote wawili walikuwa wamelisoma. Mmoja alikumbuka vibaya, mwingine akamsahihisha bila hata kufikiri. Unabii wote ule ulikuwa ni daftari langu.

Nikamweleza Pasta. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona namna uso wake ulivyochoka. Ni yeye aliyemleta yule mtu.

"Ukisema hii kanisani, watasema nini?" akauliza.

"Watasema niko na wivu."

"Na uko nao?"

"Niko nao, Pasta. Mingi sana."

"Basi lete ile kaye," akasema, akimaanisha daftari. "Kaye haiko na wivu."

Nikarudi kwa Amandine. Nilikwenda na maneno makali mdomoni, lakini nilipomwambia juu ya makaburi alikaa chini akaanza kuangalia vidole vyake.

"Kaye haiko hapa, Madamu. Iko na Mutumishi. Alisema tufunge na kuomba juu ya kila jina. Tulisoma nusu pamoja, kisha akabaki nayo."

"Na akianza kutabiri, haujue iko anatoa wapi?"

"Anasema Roho anaweza kutumikisha hata karatasi. Anasema kama muntu anapona, haina kazi neno limetoka wapi."

"Na weye unaamini hiyo?"

"Wanalia, Madamu. Wanarudia kwao na furaha." Alinyanyua macho. "Na ni weye ulinifundisha kama mutafsiri haulizake, anasema tu. Kama angebakia na weye, ungeuliza?"

Jibu nililijua. Kama angeniacha na mikro yangu, nikasimama mbele ya watu wanaolia hivyo, wamama wakinitandikia kitambaa, na Mama Victoire akitikisa kichwa, nisingeuliza kitu. Ningetafsiri mpaka leo. Wivu ndio ulionifumbua macho, wala si utakatifu.

Nilifika katikati ya njia ndipo nikakumbuka ukurasa mwingine. Nilisimama pale barabarani, pikipiki zinanipigia honi.

Miaka minne nyuma, Jumatano moja ya mvua, hakuna mama aliyekuja kwenye maombi. Nilikuwa peke yangu na daftari. Wiki ile kikwembe changu cha ndoa kilikuwa kimepotea, kitambaa cha bluu chenye samaki wa njano ambacho Bienvenu alininunulia Bujumbura. Na asubuhi ile nilikuwa nimemkuta Mama Victoire anamsuka Amandine nywele, wanacheka wote wawili, na nilipotokea wakaacha kucheka. Basi nikaandika. Niliandika kwamba mama mkwe wangu amenifunga tumbo. Niliandika kwamba alichukua kikwembe changu cha ndoa akakizika chini ya mafiga, ili nisizae, ili mwanawe amwoe msichana wa jirani. Niliandika ukurasa mzima.

Mwezi mmoja baadaye nilikipata kikwembe. Kilikuwa ndani ya mfuko uliofungwa kwenye paa, mfuko nilioufunga kwa mikono yangu siku zile tulipohofia maji. Nilikifua, nikakivaa, sikumwambia mtu. Ukurasa sikuuchana. Kuuchana kungekuwa kukubali kwamba niliuandika, hata kama ni mbele yangu mwenyewe tu.

Sasa ukurasa huo ulikuwa mkononi mwa Octave. Na siku ya Jumamosi alitangaza kwamba Jumapili, siku ya kufunga mikutano, ni siku ya matumbo yaliyofungwa. Atamtaja mfungaji, alisema. Vijana wa nyuma walipiga makofi. Nyinyi mnaoishi kwetu mnajua maana yake. Mwanamke mzee akitajwa hivyo mbele ya vijana, halali tena kwake. Nimemwona mmoja akitolewa nyumbani, godoro lake likitupwa mtaroni, na waliomtoa ni wale aliowahi kuwabeba mgongoni.

Bienvenu alikuwa Bujumbura kwa biashara zake, na simu yake haikupatikana. Ningeweza kumwambia Mama Victoire mwenyewe. Badala yake nilitafuta njia ya mkato.

"Mama, kesho bakia nyumbani," nikamwambia tukiwa jikoni. "Goti yako inauma."

"Nibakie?" akacheka. "Na mutoto wetu iko anatafsiri siku ya mwisho?"

Mutoto wetu. Nilikuwa na maneno mengine tayari, ningeweza kubembeleza, ningeweza hata kulia. Neno lile likaniziba. Nikasema moyoni, basi nenda ukamwone. Naandika haya ili mjue wivu unaweza kufika wapi: nilimwacha mzee wa watu aende kwenye shimo kwa sababu alimwita mtu mwingine mtoto.

Jumapili nilivaa kile kikwembe. Sitajidai kwamba nilikuwa na mpango. Nilikitoa tu sandukuni, nikajifunga.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mtumishi Octave alihubiri kwa ufupi, kisha akafunga macho. Alisema kuna mwanamke humu ndani ambaye tumbo lake limefungwa na mama mkwe wake. Amandine akatafsiri. Alisema mzee huyo anaishi naye nyumba moja, na sura yake ni ya upole. Amandine akatafsiri. Alisema mzee huyo amekwisha kumchagulia mwanawe mke mwingine, msichana wa jirani anayemlisha kwa siri.

Amandine aliinua mikro. Akaishusha. Alimtazama Mama Victoire, ambaye alikuwa anamtabasamia akisubiri Kiswahili.

Nilijua papo hapo kwamba ukurasa ule hakuwa ameusoma. Ulikuwa kwenye ile nusu nyingine. Ndiyo kwanza alikuwa anausikia, na alikuwa ameelewa kwamba msichana wa jirani ni yeye. Kanisa letu zima lina nyumba moja ya namna hiyo. Waliosoma Kifaransa walikwisha kuanza kugeuza shingo kututazama, na kule nyuma vijana wawili watatu walisimama.

Octave akamwamuru atafsiri. Amandine alitikisa kichwa. Akamwamuru tena kwa sauti kubwa.

"Siwezi," akasema Amandine, machozi yanamtoka. "Hii siwezi."

Nilisimama. Nawaambia ukweli wote, na huu ni sehemu yake: hata katika saa ile, nilipokuwa napita kati ya benchi, kitu kidogo ndani yangu kilifurahi kwamba kazi imemshinda. Nilimnyang'anya mikro, nikasimama nyuma ya mimbari. Octave alinitazama mara moja, akakumbuka kwamba sipotezi neno, akaitikia kwa kichwa.

Aliendelea pale alipoishia, nami nikatafsiri. Mzee anamlisha msichana wa jirani kwa siri. Mzee alingoja mvua kubwa. Watu walikuwa wananguruma. Sikumtazama Mama Victoire. Mtafsiri hatazami watu, anatazama mdomo wa anayesema.

"Alichukua kikwembe cha ndoa cha muke wa mutoto wake," nikatafsiri. "Kikwembe ya bluu, yenye samaki ya njano. Akaizika chini ya mafiga. Anasema anaiona kwa macho ya roho. Iko pale mpaka leo, inaoza."

Kisha nilitoka nyuma ya mimbari, nikasimama mahali ambapo kila mtu ananiona toka kichwani mpaka miguuni.

Mama Espoir ndiye aliyesema kwanza.

"Si ni ile umevaa?"

"Ni hii. Sasa tafsiri imeisha, nasema minye Florentine." Nikawageukia wamama. "Hii maneno yote ni minye niliandika. Miaka ine iliyopita, mu kaye ya maombi. Ni uongo. Kikwembe nilikuwa nimeifunga minye mwenyewe mu mufuko, nikasahau. Niliandika sababu ya wivu, sababu mama yangu mukwe alikuwa anapenda Amandine. Mutumishi amesoma uongo yangu, na leo anawaletea kama ufunuo. Angekuwa anaona na Roho, angeona kikwembe iko hapa mbele yake."

Octave alimgeukia Amandine, akamuuliza nimesema nini. Amandine hakumtafsiria. Lakini mtu anajua anapoangushwa, hata kwa lugha asiyoijua. Akaanza kufoka kwa Kifaransa, kidole usoni pangu.

"Anasema niko na roho ya wivu," nikatafsiri. "Na niko nayo."

Pasta Basile alisimama polepole, akaomba daftari. Octave alisema hajui daftari gani. Amandine hakungoja, alikwenda kwenye kiti cha wageni, akafungua mkoba wa Octave, akalitoa. Wamama waliacha benchi zao wakaja mbele, kila mmoja anataka kuonyeshwa pake. Mama Espoir hakujua Kifaransa, basi Amandine alimwekea kidole chake juu ya neno lenyewe. "Hapa, Mama. Wawili." Mama Espoir aliutazama mstari ule kwa muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, kwa nini nilitoa siri yake mkononi mwangu. Nilimwambia nilikuwa nimekasirika.

Octave aliondoka Jumatatu asubuhi kwa pikipiki, na familia mbili bado zinamfuata kwenye simu. Mimi sikurudishiwa mikro na sikuiomba. Mnajua watu wanasema nini sokoni? Wanasema Amandine ndiye aliyemwokoa yule mzee, kwa sababu alikataa kutafsiri. Wanamkumbatia. Mimi wananisalimu vizuri tu, na wanapita. Nikisema haikuniuma nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo.

Mama Victoire hakusema kitu Jumapili. Hakusema kitu Jumatatu. Jumanne Pasta Basile alilichana daftari, akamrudishia kila mama karatasi yake akaichome mwenyewe. Nilifika nyumbani na yangu nikiwa nimeikunja mara nne. Alikuwa amekaa jikoni anachambua ndagala, moto unawaka. Nilitaka kuitia pale pale kwenye mafiga.

"Nisomee," akasema.

"Mama, iko mu Kifaransa."

"Si weye ni mutafsiri?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikaikunjua. Nikamtafsiria, sentensi kwa sentensi, kama anavyotafsiriwa mgeni. Mama mkwe wangu amenifunga tumbo. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea na samaki. Kikwembe, mvua, mafiga. Mwanawe amwoe msichana wa jirani. Hakuinua kichwa. Nilifika karibu na mwisho, nikaanza kuikunja karatasi.

"Kunabakia mustari moja," akasema. "Sijue kusoma, lakini naona."

Miaka kumi na mmoja sikuwahi kuruka neno.

"Anapenda ule mutoto wa jirani kunipita minye," nikatafsiri.

Aliweka ungo chini, akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Ile peke ndiyo ilikuwa kweli," akasema.

Alichukua karatasi mkononi mwangu, akaitia motoni yeye mwenyewe, akangoja mpaka ikaisha. Halafu akasonga bugali, akatenga sahani moja kabla ya zetu, akaifunika, akanipa mimi.

"Mupelekee, haijapoa."

Nikaishika kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa ya moto, nikaipeleka.